Mwaka Wenye Kazi

Kila Julai, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, napokea simu nyingi za ndugu na majirani. Mzazi huanza kwa kumshukuru Mungu kwamba mtoto amefaulu, kisha sauti hushuka: "Sasa mwalimu, anasema mwaka huu hataki kwenda chuo. Anataka apumzike kwanza. Nifanyeje?" Siku nyingine anayepiga ni kijana mwenyewe, na jambo lake limegeuka: yeye anataka kusubiri, nyumbani wamemkatalia. Au nyumbani hela haipo, naye anaogopa kwamba asipoingia mwaka huu ndiyo basi tena.

Muda wa kuamua ni mfupi. Mtihani hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, dirisha la udahili hufunguliwa hapo hapo, na ikifika Oktoba au Novemba vyuo vinapokea wanafunzi. Katikati kuna maombi ya mkopo, kuna cheti cha kuzaliwa cha kuhakikiwa RITA, wakala wa usajili, na kuna mafunzo ya JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, hivyo wapo ambao matokeo huwakuta kambini, mbali na wazazi wao. Kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye maisha yake yote ratiba imepangwa na kengele ya shule, anatakiwa kuchagua ndani ya wiki chache jambo litakaloamua miaka yake mingi ijayo.

Mimi huwa sisemi nenda, wala sisemi usiende. Nauliza swali moja: mwaka huo wa kusubiri atakuwa anafanya nini? Nauliza hivyo kwa sababu niliuishi mwaka huo mwenyewe, kwangu ukawa miaka miwili, na nimewaona wengine waliouishi ukawajenga, na wengine waliouishi ukapita bila kuwaachia kitu.

Nilimaliza Kidato cha Sita mwaka 2006, mchepuo wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Enzi hizo mtihani ulifanyika Februari, kwa hiyo kati ya mtihani na chuo kulikuwa na miezi mingi ya kukaa nyumbani Muheza na kuwaza. Alama zangu zilitosha kuingia chuo kikuu. Nilikuwa nimeelekeza macho kwenye uhasibu, kozi iliyotajwa zaidi nyumbani kwetu, maana kila aliyeisoma alionekana kupata kazi mjini. Mkopo wa Serikali ulikuwepo, Bodi ya Mikopo ilikuwa imeanza kazi mwaka mmoja nyuma, lakini kwa hesabu za baba bado kungebaki pengo la kuzibwa, na wadogo zangu wawili walikuwa sekondari wakisubiri ada hiyo hiyo.

Miaka ile nchi ilikuwa mbioni kujenga sekondari kila kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na madarasa yakaota haraka kuliko walimu wa kuyajaza. Serikali ikaamua kuwachukua vijana waliomaliza Kidato cha Sita, kuwapa mafunzo ya takribani mwezi mmoja pamoja na leseni ya kufundisha, kisha kuwapeleka darasani. Mitaani tulibatizwa jina la Vodafasta. Wazazi wengine walilitamka kwa uchungu, na walikuwa na haki, maana mtoto wao alistahili mwalimu aliyeiva.

Nilipotaka kwenda kufundisha, nyumbani palikaliwa kikao. Mama alikuwa wa kwanza kukataa. "Ngojangoja huumiza matumbo, mwanangu. Nafasi ikikupita leo, nani amekuahidi kesho?" Hakuwa na hofu ya bure. Alikuwa amewaona wasichana wa mtaani kwetu waliofaulu, wakakaa nyumbani "kidogo tu", na kabla mwaka haujaisha posa ikaingia, na baada ya posa hapakuwa na mtu tena aliyezungumzia chuo. Baba alinyamaza akipiga hesabu. Aliyefungua njia ni mjomba, kaka yake mama, mhandisi aliyekuwa amekuja kutusalimia. Nilipomaliza kumwamkia na kumweleza, alisema: "Mjomba, chuo hakihami. Lakini niambie utarudi lini, na uniambie hapa mbele ya mama yako."

Nikasema Oktoba 2008. Baba akafungua daftari lake la hesabu za shamba la machungwa, akaandika mwezi na mwaka huo chini ya orodha ya magunia, akamwonyesha mama. Tangu siku hiyo ile tarehe ikawa ya nyumba nzima, na mimi sikuwa na ruhusa ya kuisogeza peke yangu.

Shule niliyopangiwa ilikuwa mpya, bati zinang'aa, sakafu ya darasa moja bado haijasakafiwa vizuri. Hapakuwa na maabara. Kitabu kimoja cha hisabati kilisomwa na dawati zima, na wa pembeni walisoma kwa kuinamisha shingo. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walikuwa wametoka shule za msingi walikosoma kila kitu kwa Kiswahili, ghafla wanakutana na Kiingereza katika kila somo. Nilijifunza mapema kwamba kimya cha darasa hakimaanishi kwamba wameelewa. Kimya kilimaanisha hawana maneno ya kuulizia.

Siku moja baada ya kipindi, msichana mmoja alinifuata nje na daftari lake. Tulikuwa kwenye namba hasi na chanya, na nilikuwa nimewaandikia ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi: hasi mara hasi ni chanya. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, asije akaonekana mkaidi: "Madamu, kama hasi ni deni, deni mara deni linakuwaje mali?"

Nilikuwa nimetumia kanuni ile tangu utotoni, nikafaulu nayo mitihani yote hadi Kidato cha Sita, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza sababu yake. Nikamwambia anipe siku chache. Jioni ile nilikwenda kwa mzee mmoja jirani na shule, mwalimu mstaafu wa hisabati. Aliokota kijiti akaandika mchangani chini ya mwembe wake, mstari chini ya mstari. Tatu mara hasi mbili ni hasi sita. Mbili mara hasi mbili ni hasi nne. Moja mara hasi mbili ni hasi mbili. Sifuri mara hasi mbili ni sifuri. "Tazama majibu," akasema. "Kila ukishuka hatua moja upande huu, jibu linapanda kwa mbili. Sasa shuka hatua moja chini ya sifuri. Hasi moja mara hasi mbili. Jibu likiendelea kupanda vilevile, litakuwa ngapi?" Chanya mbili. Kesho yake niliandika mistari ile ubaoni na kuacha jibu la mwisho wazi, na darasa zima likalitaja kabla yangu. Yule msichana hakusema neno. Alichukua rula, akapiga mstari chini ya jibu.

Jioni ile chini ya mwembe wa yule mzee iligeuza nilichokitaka chuoni. Niliona kwamba nina alama za hisabati bila kuwa na hisabati yenyewe, na kwamba nchini kuna watoto maelfu wanaofundishwa kanuni na mtu ambaye hakuwahi kuambiwa chanzo chake. Uhasibu ukaondoka moyoni bila mtu kunishawishi. Mwaka 2008, mwezi ule ule ulioandikwa kwenye daftari la baba, niliingia Chang'ombe, Dar es Salaam, katika chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho nacho kilianzishwa mwaka 2005 kwa sababu ya uhaba ule ule wa walimu. Akiba ya mshahara wangu ndiyo iliyoziba pengo la ada mwaka wa kwanza.

Lakini kusubiri kulikuwa na gharama, na mwenye kushauri vijana asiifiche. Wenzangu waliotoka moja kwa moja sekondari walikuwa bado wamoto. Hesabu za kalkulasi walizipiga kwa wepesi, na mimi vidole vilikuwa vimesahau njia. Muhula wote wa kwanza nilisoma usiku vitu walivyovijua. Nilichowazidi ni kujua ninachokitafuta. Mhadhiri alipothibitisha kwa kanuni za msingi za kujumlisha na kuzidisha kwamba hasi mara hasi lazima iwe chanya, wengi waliandika na kusonga mbele, kwa kuwa kwao lilikuwa jambo dogo. Mimi nilibaki na ukurasa ule muda mrefu, kwa sababu nilijua sura ya mtu aliyeuliza.

Mjomba aliponidai tarehe alikuwa na sababu, na nilikuja kuielewa aliponisimulia ya kwake. Alimaliza Kidato cha Sita mwaka 1976, wakati kijana wa kawaida hakuwa na uchaguzi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, katika kikao cha Musoma, ilipitisha kwamba kijana akimaliza Kidato cha Sita na JKT afanye kazi kwanza angalau miaka miwili, na aingie chuo kikuu akiwa na barua za kumpendekeza kutoka kwa mwajiri wake na kwa tawi la chama. Nia ilikuwa msomi asikae mbali na watu wanaomsomesha. Wazo hilo lilikuwa na historia. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani mamia yao. Swali la msomi anadaiwa nini na nchi yake halikupoa tangu hapo.

Mjomba alifanya kazi kiwanda cha nguo Mwanza, kisha akaenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma uhandisi. Alituambia kwamba alipofika darasani alikwisha kujua mashine ya kufuma kwa mlio wake. Mlio ukibadilika, alijua ni sehemu gani inaomba mafuta. Hesabu za nguvu na mwendo zilipoandikwa ubaoni, kwake zilikuwa zinaeleza kitu alichokwisha kukishika. Kwa mtu kama yeye, utaratibu ule ulifanya kazi yake sawasawa.

Si kwa wote. Wanawake waliofika chuo kikuu walipungua mno, kwa sababu ile ile iliyomtia mama yangu hofu miaka thelathini baadaye: msichana akikaa nje ya shule miaka miwili, dunia ina mipango yake juu yake. Haikupita miaka mingi wanawake wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja, na katika miaka ya 1980 sharti lenyewe likaondolewa kwa wote. Hapo kuna funzo ambalo kila familia ingelitazama. Miaka miwili ya mjomba wangu ilikuwa na kiwanda, mshahara, na barua inayomsubiri mwishoni. Miaka miwili hiyo hiyo kwa msichana ambaye hakupangiwa pa maana ilikuwa mlango wa kutokea. Sheria iliwapa wote muda ule ule, ila muda wenyewe haukuwa na uzito ule ule kwa kila mtu.

Nina rafiki niliyesoma naye mchepuo mmoja, ambaye alama zake zilinizidi. Alibaki nyumbani kumsaidia baba yake dukani "mpaka mambo yakae sawa". Hakuwa mvivu hata siku moja, alifungua duka kabla ya adhana na kulifunga usiku. Biashara ikakua, na ilipokua ikamhitaji zaidi. Kila msimu ulikuwa na sababu yake ya haki: mavuno, Ramadhani, mdogo wake kuanza shule. Leo duka lake ni zuri na watoto wake wanasoma, nami namheshimu sana. Lakini kila tukikutana ananiuliza habari za chuo, anauliza kwa undani, na najua kwamba lile jambo halijamtoka. Kazi alikuwa nayo. Tarehe ndiyo hakuwa nayo, wala mtu wa kumdai.

Wapo pia ambao wakiniuliza nawaambia waende mara moja. Mwanafunzi wangu mmoja alipata nafasi ya udaktari na mkopo wa kutosha, baba yake akataka kwanza afanye kazi mwaka mmoja kwenye basi la ndugu yao ili apate mtaji. Nilimwomba baba yake tuhesabu pamoja. Udaktari ni miaka mitano darasani na wodini, na baada yake mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini kabla ya leseni kamili. Kijana alijua anachokitaka tangu Kidato cha Pili, na pesa ilikwisha kupatikana. Mwaka wa basi usingempa kitu anachokihitaji. Baba alikuwa muungwana, akakubali, na kijana akaenda.

Na yupo mtoto wa dada yangu, aliyekosa nafasi ya uhandisi aliyoiomba na hakutaka kozi nyingine yoyote. Aliponiambia anataka "kupumzika", nilimwambia akafikirie vizuri kisha aje na jibu jingine. Alirudi na fomu ya mafunzo ya muda mfupi ya umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi cha VETA, na orodha ya nyaraka za kuombea tena udahili na mkopo mwaka unaofuata. Alisoma, akashika nyaya, akafuatana na fundi mtaani kwenye nyumba za watu. Mwaka uliofuata aliomba uhandisi wa umeme akapata. Aliondoka nyumbani akijua kupima kama waya una umeme, na akijua kwamba kazi hiyo anaipenda hata jasho likimtoka.

Mwenye kufikiria kusubiri ayajue na mambo ya sheria, maana huko ndiko ndoto nyingi zinakokwama. Matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, hayafutiki. Alama mbili za ufaulu wa juu zenye jumla ya pointi nne, ambazo ndizo kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa shahada, mwakani zitakuwa pale pale, ingawa kozi nyingi hudai zaidi ya hapo. Asiyeridhika na alama anaweza kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hiyo nayo ni kazi halali ya kuujaza mwaka. Mkopo ndio wenye mipaka. Miongozo ya miaka ya karibuni imekuwa ikitaka mwombaji awe amehitimu ndani ya miaka mitano iliyopita na asizidi miaka 35, na dirisha lake likifungwa hakuna wa kulifungua kwa huruma. Mkopo huo pia ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa kuulipa. Kuingia kozi usiyoitaka, kwa mkopo, ili mradi uonekane uko chuo, ni kukubali kuilipia kozi hiyo miaka mingi baada ya kuiacha. Na ambaye kazi imemkolea asidhani mlango umefungwa: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi ili wasome.

Kinachowasukuma vijana wengi, hata hivyo, si sheria wala pesa. Ni macho ya watu. Wenzake wanapiga picha getini chuoni, na jirani anamuuliza mama yake, "Vipi, wa kwako alikosa?" Swali hilo limewapeleka chuoni watoto ambao hawakuwa tayari, na limewafungia ndani wengine waliokuwa wanasubiri kwa sababu njema kabisa. Wazazi, simameni hapo. Mtoto wako akiwa na mpango, jirani mjibu kwa sauti ile ile uliyotangazia kwamba amefaulu: yuko kazini, ataingia mwakani. Mama yangu alifanya hivyo. Baada ya kuiona ile tarehe kwenye daftari hakunitetea kwa unyonge hata mara moja, na aliyemletea posa aliambiwa mwaka na mwezi nitakaokuwa chuoni.

Ndiyo maana mzazi akinipigia Julai namwomba asinisikilize mimi kwanza. Namwomba amkalishe mtoto wake, amwulize kwa upole, na asimkatize. Akiweza kutaja kazi atakayoifanya, mahali atakapoifanyia, na mwezi atakaoingia chuo, na akikubali kuyasema hayo mbele ya mtu atakayemdai, mpe mwaka wake kwa moyo mweupe. Akishindwa kuyataja, basi ajaze fomu sasa, na Oktoba mfungashieni mizigo aende.